Habari za Chapa za Kale za Vitabu vya Auguste Comte na Wafuasi Wake

Miongoni mwa vitabu vya kale vinavyotafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Amerika vimo vitabu vya Auguste Comte, mwenye hekima wa Ufaransa, na vya watu waliomfuata. Mtu akivitazama kwa macho tu hataona sababu ya kuvitaka. Havina picha wala mapambo, wala havikuandikwa kwa maneno matamu. Kifaransa cha Comte ni kizito, na sentensi zake ndefu humchosha hata Mfaransa mwenyewe. Walakini wako watu waliotumia miaka mingi na fedha si haba kuzitafuta juzuu sita za kitabu chake kikubwa katika chapa ya kwanza, nao hawaridhiki na chapa ya pili, hata ikiwa safi na ya bei rahisi. Nataka kueleza sababu yao, kwani si upuuzi. Katika vitabu hivi chapa hazifanani; na tofauti zake si za karatasi na jalada tu, bali ni za maneno yenyewe, tena ni za ugomvi wa watu waliotaka kila mmoja awe ndiye mwenye haki ya kumsemea mwalimu. Na jambo hili latugusa sisi Waafrika pia, kwa kuwa tumetajwa humo, na waliotutaja baadaye walichukua neno lililomo katika juzuu moja wakaliacha lililomo katika nyingine.

Comte alizaliwa katika mji wa Montpellier tarehe 19 Januari 1798. Alisoma katika shule ya École polytechnique ya Paris mpaka ilipofungwa na serikali mwaka wa 1816, kisha toka 1817 hata 1824 akawa mwandishi wa Saint-Simon, mtu wa ukoo bora aliyekuwa na fikira nyingi na fedha chache. Mafundisho ya Comte mwenyewe kwa Kiswahili twaweza kuyaita upositivisti; neno hilo asili yake ni Kifaransa, na maana yake ni habari ya mambo yaliyo thabiti, yaliyothibitika kwa kuonekana na kupimwa. Alifundisha ya kuwa akili ya wanadamu hupita katika daraja tatu. Katika ya kwanza mtu hueleza kila jambo kwa pepo, miungu, au Mungu. Katika ya pili hulieleza kwa majina matupu ya fikira. Katika ya tatu huacha kuuliza asili na mwisho wa vitu, akatafuta tu kanuni za mambo jinsi yanavyofuatana. Nayo daraja ya kwanza aliigawa tena: mwanzo fetishi, kisha miungu mingi, kisha Mungu mmoja. Sina haja ya kuwaambia wasomaji wa kurasa hizi kwamba ngazi hiyo yatuweka mahali tusipopakubali. Nia yangu hapa si kubishana nayo, bali kufuata njia yake katika vitabu.

Kitabu cha kwanza kinachomtaabisha mkusanyaji ni kidogo sana. Mwaka wa 1822, akiwa bado kwa Saint-Simon, Comte aliandika mpango wa kazi za elimu zilizo lazima kwa kuitengeneza upya jamii. Zilipigwa chapa nakala mia moja tu. Mwaka wa 1824 mpango ule ukapigwa chapa mara ya pili, na hapo ndipo mwalimu na mwanafunzi walipokosana, kwa kuwa Saint-Simon alitaka utoke kama sehemu ya kitabu chake yeye. Ukatoka kwa namna mbili: nakala elfu moja ndani ya kitabu cha Saint-Simon, na nakala mia moja zenye jina la Comte, nazo zikaitwa Système de politique positive. Jina hili limewapoteza wengi, maana ndilo lile lile alilolitumia miaka ishirini na saba baadaye kwa kitabu kingine kikubwa cha juzuu nne, kilichotoka toka 1851 hata 1854. Basi mtu akiona jina hilo katika orodha ya muuza vitabu hana budi kutazama mwaka kabla ya kufungua mfuko wake. Asiyekipata kile kidogo asihuzunike sana, kwani mwaka wa 1854 Comte mwenyewe alikusanya maandiko yake ya ujana akayatia mwishoni mwa juzuu ya nne ya kile kikubwa, apate kuonyesha ya kuwa fikira zake za uzee zilikuwa mbegu tangu ujana. Hilo wengine walilikana, kama tutakavyoona.

Sasa nafika kwenye kitabu chenyewe, Cours de philosophie positive. Kilianza kwa mdomo. Mwezi wa Aprili 1826 Comte aliwaalika wataalamu nyumbani kwake kusikiliza masomo, na miongoni mwao alikuwamo Alexander von Humboldt, msafiri mashuhuri. Baada ya masomo machache akili yake Comte ikaugua. Mwaka uliofuata alijitupa katika mto wa Seine akaokolewa. Mwaka wa 1829 akaanza upya, na mwaka wa 1830 juzuu ya kwanza ikatoka kwa wachapishaji walioitwa Rouen. Mwezi huo wa Julai Wafaransa wakampindua mfalme wao, biashara zikaharibika, na nyumba ya Rouen ikafilisika. Ndiyo maana juzuu ya pili haikutoka hata 1835, tena kwa mchapishaji mwingine aitwaye Bachelier. Ya tatu ikafuata 1838, ya nne 1839, ya tano 1841, ya sita 1842. Masomo yote ni sitini, na kazi nzima ilichukua miaka kumi na miwili.

Kwa mkusanyaji miaka hiyo kumi na miwili ndiyo mashaka yote. Aliyeinunua juzuu ya kwanza mwaka wa 1830 huenda alikufa au alichoka kabla ya kutoka ya sita. Tena juzuu ya kwanza ni ya hisabati, ya pili ya nyota na fizikia, ya tatu ya kemia na elimu ya viumbe. Na tatu za mwisho ndizo za jamii ya wanadamu. Mwenye kupenda hisabati hakujali za mwisho, na mwenye kupenda siasa hakutaka za kwanza. Zaidi ya hayo, katika nchi ya Ufaransa siku zile vitabu viliuzwa vikiwa na kifuniko cha karatasi nyembamba tu, na kurasa zake zilikuwa hazijakatwa. Mnunuzi alizikata kwa kisu, kisha akampelekea mjalidi kitabu kipate ngozi. Na mjalidi kwa kawaida alikitupa kile kifuniko. Kwa hiyo mkusanyaji hufurahi zaidi akiona kifuniko kile duni cha karatasi kuliko ngozi nzuri. Na akiona kurasa ambazo hazikukatwa hata leo, ajua ya kuwa mwenye kitabu hakukisoma, alikiweka tu.

Katika juzuu ya nne, ya mwaka 1839, ndimo lilimo neno sociologie, ambalo Comte alilitumia kwa elimu ya jamii za watu. Nalo limeenea hata katika shule zetu, kwa Kiswahili sosiolojia. Kabla yake alikuwa akisema fizikia ya jamii. Mtu akitaka kuliona neno hilo mahali lilipotiwa na mwenyewe, hana budi kuishika juzuu hiyo, na kwa sababu hiyo yatafutwa hata na watu wasiojali zile tano nyingine.

Lakini juzuu yenye kisa kikubwa ni ya sita. Comte alikuwa mwalimu msaidizi na mtahini katika École polytechnique, na huko alikuwa na maadui. Akaandika dibaji ndefu ya kujieleza nafsi yake, na ndani yake akamshambulia Arago, mtaalamu wa nyota aliyekuwa na nguvu nyingi mjini Paris. Bachelier alikuwa mpiga chapa wa shule ile ile na wa ofisi ya wataalamu wa nyota, akaogopa. Bila kumwuliza mwandishi akaingiza katika kitabu tangazo lake mwenyewe la kujitenga na maneno yale. Comte hakunyamaza. Alimpeleka mbele ya baraza la hukumu za biashara, akasimama mwenyewe kujitetea, na mwezi wa Desemba 1842 akashinda. Basi karatasi ile moja ya mchapishaji, ambayo mwandishi aliichukia, sasa ndiyo anayoitafuta mkusanyaji: aifungua juzuu ya sita kwanza, atazame kama imo au imetolewa. Ushindi ule haukumfaa Comte kwa chakula, kwani mwaka wa 1844 alinyimwa kazi ya utahini, na tangu hapo aliishi kwa msaada wa marafiki. Waingereza watatu walimsaidia kwanza. Na toka 1848 wafuasi wake walichanga fedha kila mwaka.

Neno moja juu ya karatasi. Sisi tunaoishi pamoja na mchwa twadhani adui wa kitabu ni mdudu na maji tu. Kumbe karatasi yaweza kujiua yenyewe. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa vitambaa vikuukuu, nayo hudumu. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa watu walianza kutumia miti iliyosagwa, na karatasi hiyo hugeuka rangi, ikawa ya kuvunjika kama jani kavu. Nimeona katika makabati ya shule vitabu vya baba zetu vilivyohifadhiwa vema, havikuguswa na mdudu, na hata hivyo kurasa zake zilikatika mkononi. Kwa sababu hiyo si ajabu juzuu ya 1835 kuwa imara kuliko chapa ya bei nafuu ya 1890.

Nirudi kwa Comte. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba mtu huyu ambaye vitabu vyake vyakusanywa kwa bidii hivyo, yeye mwenyewe aliacha kusoma. Toka mwaka wa 1838 alijiwekea sharti aliloliita usafi wa ubongo: asisome magazeti wala vitabu vipya vya elimu, ila washairi wakubwa, ili fikira zake zisichafuliwe na za wengine. Na mtu huyo huyo alitunga orodha ya vitabu vya kumfaa kila mtu, akaiita Maktaba ya Kipositivisti: juzuu 150, yaani 30 za ushairi, 30 za elimu, 60 za historia na 30 za mambo ya dini na hekima. Orodha hiyo aliitia katika katekisimo yake ya mwaka 1852. Ndani yake imo Biblia nzima, na Kurani nzima, na maungamo ya Mtakatifu Augustino, na kile kitabu cha kumfuasa Yesu Kristo ambacho Comte alikipenda sana akakisoma kila siku. Wako wakusanyaji ambao kazi yao yote ni kuijaza orodha hii, kitabu kwa kitabu. Mimi naona ni kazi ya akili kuliko kukusanya Comte peke yake, maana orodha yaonyesha mtu alitaka wenzake wajue nini.

Nimetaja katekisimo. Wasomaji watauliza: imekuwaje mtu aliyeiweka imani ya Mungu katika daraja ya kupita akaandika katekisimo? Jibu ni Clotilde de Vaux. Comte alijuana na mwanamke huyu mwaka wa 1844, akampenda sana, naye akafa tarehe 5 Aprili 1846. Tangu hapo Comte alianza kujenga kile alichokiita Dini ya Ubinadamu, yenye makuhani, sakramenti na sikukuu, lakini isiyo na Mungu. Wanaabudiwa wanadamu wote waliotangulia, walio hai na watakaokuja. Katekisimo yake ni mazungumzo: mwanamke auliza, kuhani ajibu. Vitabu viwili vikubwa, Cours na Système, vyasimama kama pande mbili za maisha yake, na wafuasi wake wakagawanyika palepale.

Émile Littré, yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kifaransa, aliupokea upande wa kwanza akaukataa wa pili. Aliachana na Comte mwaka wa 1852. Comte alipokufa tarehe 5 Septemba 1857, aliwaachia wasimamizi kumi na watatu wosia wake, na mkubwa wao alikuwa Pierre Laffitte. Lakini mjane wake, ambaye alikuwa ametengana naye muda mrefu, aliupinga wosia, na Littré akawa upande wa mjane. Mwaka wa 1864 Littré akatoa chapa ya pili ya Cours, akaitia dibaji yake mwenyewe, aliyoiita dibaji ya mwanafunzi. Hapo msomaji aelewe maana ya jambo hili: anayekifungua kitabu katika chapa ile aongozwa mlangoni na mtu ambaye mwalimu alikuwa amekosana naye. Wafuasi wa Laffitte hawakusahau. Toka 1892 hata 1894 wakatoa chapa ya tano, na katika ukurasa wa jina wakaandika wazi ya kuwa ni sawa na ile ya kwanza. Maneno hayo machache yana ugomvi wa miaka thelathini ndani yake. Asiyejua kisa atadhani ni tangazo la muuza vitabu.

Tarehe za vitabu vya wafuasi wake nazo zataka ujuzi. Mwaka wa 1849 Comte alitoa kalenda yake: miezi kumi na mitatu, kila mmoja siku 28, na siku moja ya ziada ya kuwakumbuka wafu wote. Miezi ilipewa majina ya watu: Musa, Homer, Aristotle, Archimedes, Caesar, Mtakatifu Paulo, Charlemagne, Dante, Gutenberg, Shakespeare, Descartes, Frederick, Bichat. Mwaka wa kwanza ni 1789, mwaka wa mapinduzi ya Wafaransa. Kwa hiyo mkusanyaji akiona kijitabu chenye tarehe ya mwaka 101, aongeze 1788, apate 1889. Wako wauza vitabu waliotupa vijitabu vya namna hii katika sanduku la vitu visivyo na tarehe, kwa kuwa hawakujua hesabu hiyo. Comte mwenyewe, kwa kalenda yake, alikufa siku ya 24 ya mwezi wa Gutenberg, mwezi wa yule aliyewafundisha watu wa Ulaya kupiga chapa.

Mwaka huo 101 wafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine. Tarehe 19 Novemba 1889 nchi ya Brazil ilipata bendera yake mpya, yenye maneno mawili ya Kireno, Ordem e Progresso, yaani utaratibu na maendeleo, yaliyotolewa katika mafundisho ya Comte. Huko Rio de Janeiro Miguel Lemos alikuwa ameanzisha Kanisa la Kipositivisti mwaka wa 1881, na yeye na mwenzake Teixeira Mendes walipiga chapa vijitabu vingi mno. Hekalu lao lipo, lakini mwaka wa 2009 dari lake lilianguka. Na Mbrazil, Paulo Carneiro, ndiye aliyeiokoa nyumba ya Comte ya Paris, nambari 10 rue Monsieur-le-Prince, ambapo Comte aliishi toka 1841 mpaka kufa. Mwaka wa 1954 chama kiliundwa cha kuitunza. Meza yake ipo, na vitabu vyake vipo. Hivyo vitabu vya Mfaransa viliokolewa na mtu wa ng'ambo ya bahari, wakati wenyeji walipokuwa wameanza kuvisahau.

Kwa Waingereza, Comte aliingia kwa mlango wa mwanamke. Harriet Martineau alizichukua juzuu sita akazifupisha katika mbili kwa Kiingereza. Tajiri mmoja, Edward Lombe, alitoa paundi 500 kwa kazi hiyo, akafa kabla haijatoka. Ilitoka London mwaka wa 1853 kwa John Chapman. Mwaka huo huo G. H. Lewes akatoa kitabu chake juu ya Comte, na wakusanyaji huviweka pamoja. Comte alipendezwa na kazi ya Martineau hata katika Maktaba yake akaiweka mahali pa kitabu chake mwenyewe. Na mwaka wa 1871 na 1872 ufupisho ule wa Kiingereza ukafasiriwa kurudi katika Kifaransa, ili Wafaransa wamsome Mfaransa mwenzao kwa urahisi. Sijui mfano mwingine ulio bora kuliko huu wa kuonyesha ya kuwa mfasiri si mtumishi tu. Lakini alipofupisha alikata. Kurasa chache za mwisho wa kitabu hazimo, na Frederic Harrison alizirudisha katika chapa ya juzuu tatu ya mwaka 1896. Kwa hiyo chapa ya 1853 ni ya thamani kubwa kwa mkusanyaji, na ya 1896 ni bora kwa msomaji. Si mara zote wawili hawa hutaka kitu kimoja.

Tena John Stuart Mill. Aliandikiana na Comte toka 1841, na katika kitabu chake cha mantiki, kilichotoka 1843, alimsifu sana. Baadaye Comte alipogeukia dini yake mpya, Mill akapoa. Kitabu kile kilipigwa chapa mara nane katika maisha yake, na katika chapa zilizofuata alizipunguza sifa zile, nyingine akazifuta. Mtu mwenye chapa ya 1872 peke yake hawezi kujua Mill alikuwa na deni gani kwa Comte. Mwenye ile ya 1843 aliona kwa macho.

Sasa nije kwetu. Comte hakufika Afrika. Neno lake fetishi lilitoka kwa mabaharia Wareno wa pwani ya magharibi, na Charles de Brosses alilitia katika kitabu mwaka wa 1760. Katika Cours, juzuu ya tano, fetishi ni mwanzo wa akili ya wanadamu wote, jambo la lazima lakini la kuachwa nyuma. Hapo ndipo wengi waliposoma wakafunga kitabu. Lakini katika Système, na katika kitabu chake cha mwisho cha 1856, Comte alirudi akaisifu: alisema ya kuwa wale waonao uhai katika vitu wako karibu na ukweli kuliko wanafilosofia wa daraja ya pili, na kwamba watu wa Afrika waweza kufikia daraja ya tatu moja kwa moja, bila kupitishwa katika zile za katikati. Hata dunia yenyewe akaiita Fetishi Kubwa. Mimi sikubaliani na neno lake la kwanza wala la pili, maana katika yote mawili sisi ni mfano wa somo tu, hatukuulizwa. Lakini haki ni haki: aliyesema la kwanza alisema na la pili, na asiye na juzuu zote hana habari yote.

Aliyelichukua la kwanza akalipeleka mbali ni Lucien Lévy-Bruhl. Alimjua Comte vizuri. Mwaka wa 1899 alizitoa barua za Mill na Comte, na mwaka wa 1900 akatoa kitabu juu ya filosofia yake. Mwaka wa 1910, kisha 1922, akaandika ya kuwa watu aliowaita wa asili wana akili isiyofuata mantiki kama ya Wazungu. Mashahidi wake walikuwa taarifa za wasafiri na za wamisionari, basi sehemu ya mzigo huo ni ya watu wa kazi yetu. Kabla ya kufa mwaka wa 1939 aliandika katika madaftari yake ya kuwa aliiacha fikira ile. Madaftari yalipigwa chapa mwaka wa 1949, lakini vitabu vya kwanza vilikuwa vimekwisha kuenea ulimwenguni, na watu huyasoma yale yaliyo mbele ya mkono.

Jibu lilitoka katika nchi isemayo Kiswahili. Placide Tempels, padre Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka wa 1933 akakaa na Baluba wa Katanga. Aliandika kwa Kiholanzi cha kwao ya kuwa Wabantu wana filosofia kamili, yenye msingi wake katika nguvu ya uhai, na ya kuwa Mzungu asiyeijua hawezi kuwafundisha. Kitabu kilikuta ubishi mkubwa. Na hapa pia chapa zina kisa: tafsiri ya Kifaransa, iliyofanywa na A. Rubbens, ilitoka Elisabethville, ndio Lubumbashi ya sasa, mwaka wa 1945, na maneno ya asili ya Kiholanzi yakatoka Antwerp mwaka wa 1946, yaani mtoto alizaliwa kabla ya mzazi. Mwaka wa 1949, mwaka ule ule wa madaftari ya Lévy-Bruhl, Présence Africaine ya Paris ikakitoa tena, na hiyo ndiyo chapa iliyosomwa na wengi. Mwaka wa 1956 Alexis Kagame, padre wa Rwanda, akaandika juu ya jambo hilo akianzia katika lugha yake ya Kinyarwanda, tena kwa ukali wa mantiki ambao Tempels hakuwa nao.

Vitabu vya Comte na Littré, kwa kuwa ni vya zamani, vimepigwa picha na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na mwenye intaneti aweza kuzisoma kurasa zake bila malipo. Ila yampasa kutazama kwanza ni chapa gani iliyo mbele yake, ya 1830 au ya 1864. Ile chapa ya Elisabethville ya 1945 ni kitabu chembamba, cha jalada duni, rahisi kutupwa pamoja na magazeti makuukuu. Walimu na mapadre wa Katanga, na wa upande huu wa ziwa Tanganyika, wangefanya vema kufungua makabati ya misheni zao na kutazama nyuma ya vitabu vikubwa, kabla mchwa hawajafika huko.